Gurudumu la Mbele

Maiti ya Zachary Kimeli ililala juu ya mstari mweupe wa barabara, karibu na soko la Kamukuywa, namba ya mashindano ikiwa bado imebandikwa kifuani. Mtu alikuwa amemfunika uso kwa leso. Upepo uliipeperusha leso hiyo, na kila ilipotoka, kijana wa Kisingasinga aliyepiga magoti kando yake aliirudisha.

Inspekta Wekoye alishuka kwenye Landrova na kuishika kofia yake isiruke. Ilikuwa Jumamosi, Februari 1991, kiangazi, mahindi yamekwisha kuvunwa. Pande zote mbili mashamba yalikuwa matupu na hapakuwa na kitu cha kuukinga upepo.

"Wewe ni nani?" alimuuliza kijana.

"Ajit. Nilikuwa nyuma yake."

"Mlikuwa kwenye mashindano?"

"Ndiyo, Afande. Triathloni. Tumeogelea bwawani kule Kitale, tukapanda baiskeli kuelekea Bungoma. Tungemalizia huko kwa mbio."

"Umeona nini?"

"Lori lilikuwa linakuja. Yeye akaenda upande wa lori. Basi."

Dereva wa lori, mzee mmoja aitwaye Gichuki, alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara.

"Afande, nilikuwa upande wangu," alisema. "Yeye ndiye alinijia. Ni kama amesukumwa."

"Na nani?"

"Hapakuwa na mtu."

Konstebo walipima alama za breki kwenye lami. Mzee alisema kweli. Lori halikuvuka mstari hata kidogo. Wekoye alimwachilia jioni hiyo hiyo.

Kilichobaki ni baiskeli. Wekoye alidhani angekuta nati iliyolegezwa au waya wa breki uliokatwa. Aliwahi kuona mambo hayo. Mkaguzi wa magari aliifungua yote pale kituoni Bungoma, akapangusa mikono, akatikisa kichwa.

"Haina kasoro, Inspekta. Ila hii gurudumu ya mbele sijawahi kuona ingine kama hii."

Gurudumu lenyewe halikuwa na nafasi za kupitisha hewa. Lilizibwa pande zote mbili kwa ganda gumu, kama sahani mbili zilizofunikwa pamoja.

Jumatatu Wekoye alikwenda Kitale, katika duka la baiskeli la Jaswant, babake Ajit. Jaswant ndiye aliyekuwa akimdhamini Kimeli. Alitoka nyuma ya kaunta, mwanamume mrefu mwenye ndevu nyeupe, akampa kiti.

"Niliagiza mwenyewe kutoka Uingereza," alisema. "Pea mbili za Kimeli. Moja ya spoki, hewa inapita katikati, moja ya kuzibwa. Siku ikiwa shwari, la kuzibwa linakata hewa kama kisu. Katika safari ndefu mtu anaokoa nguvu za kukimbilia baadaye."

"Na siku ya upepo?"

"Upepo wa usoni unachosha tu. Wa ubavuni ndio mbaya. Gurudumu la nyuma limekaliwa na uzito, linavumilia. La mbele ndilo linashika usukani. Upepo ukilipiga, unapiga kama bati la nyumba. Baiskeli yote inageuka."

"Kwa hiyo angechagua spoki."

"Kwa upepo ule, mbele lazima spoki."

"Nani alichagua?"

"Yeye mwenyewe. Asubuhi, kabla ya kuingia majini. Bwawa lilikuwa limetulia kabisa."

"Na huko mbele barabarani alijuaje kulivyo?"

Jaswant alizigeuza funguo za duka mkononi.

"Ajit alikwenda kukagua barabara Ijumaa. Alirudi akasema ni shwari mpaka Webuye."

Ajit aliitwa kutoka nyuma ya duka. Alisimama huku mikono ameificha mgongoni.

"Ijumaa ulifika Kamukuywa?"

"Ndiyo."

"Upepo ulikuwaje?"

"Kidogo tu."

"Ulipanda magurudumu gani?"

"Yangu. Ya spoki."

"Na hili la kuzibwa, umewahi kulipanda?"

"Hapana. Lilikuwa la Kimeli."

Alijibu haraka mno. Wekoye aliaga, akarudi Kamukuywa, akaanza kuuliza kibanda kwa kibanda. Watu wa hapo ni wa kabila lake, waliongea naye bila kificho, lakini wengi walikuwa na habari za Jumamosi tu. Hatimaye akamfikia Nanyama, muuza ndizi.

"Ijumaa? Huyo kalasinga kijana nilimwona," alisema Nanyama. "Si alikuwa anatembea, anasukuma baiskeli. Nikamuuliza, mwanangu, ni pancha? Akaniambia, hapana mama, ni upepo."

"Gurudumu la mbele lilikuwaje?"

"Kama sahani. Ilikuwa inamvuta huku na huku, ata akitembea. Nikacheka. Nikamuuzia ndizi."

"Una hakika ni Ijumaa?"

"Si ndiyo siku ya soko, bana."

Wekoye aliyaandika maneno yake daftarini. Sasa alijua, na kujua huko hakukumfurahisha.

Ajit aliletwa Bungoma kesho yake. Babake alifuata na pikapu, akaketi kwenye benchi la nje. Pale alimkuta Chepkemei, mke wa Kimeli, aliyekuja kuulizia ruhusa ya kuuchukua mwili. Jaswant alimnunulia chai.

Ndani, Wekoye alimsomea kijana maneno ya Nanyama. Ajit hakubishana.

"Ulilipanda Ijumaa."

"Ndiyo."

"Likakushinda."

"Nilishuka mara mbili. Mwishowe nikatembea."

"Halafu ukamwambia Kimeli barabara ni shwari."

"Ndiyo."

"Nawe Jumamosi ukafunga spoki."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ajit alitazama mlango uliofungwa.

"Mimi ndiye nilimfundisha baiskeli. Nilimleta nyumbani, nikamwambia baba, huyu ana miguu. Tangu siku hiyo baba haongei kingine. Kimeli anakula nini, Kimeli amelala saa ngapi. Hata magurudumu aliagiza ya Kimeli tu. Mimi nilikuwa kwenye duka hilo kila siku, na hakuniuliza kama nataka."

"Ulitaka afe?"

"Hapana. Nilitaka limshinde kama lilivyonishinda. Ashuke, aisukume. Baba alikuwa atatufuata baadaye na pikapu. Nilitaka apite amwone anasukuma. Basi. Sikuwaza lori."

Wekoye aliandika taarifa yote, kijana akatia sahihi. Kisha akampigia simu wakili wa serikali, akamweleza.

"Hakulegeza chochote?" wakili aliuliza tena.

"Hapana."

"Hakumlazimisha?"

"Hapana. Alimdanganya."

"Kuhusu upepo. Nikisimama mbele ya jaji niseme nini, Inspekta? Mtu mzima alichagua gurudumu lake mwenyewe, akalipanda. Mwachilie."

Wekoye alirudisha simu mahali pake. Ajit alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na ulimtosha.

"Niandikie kosa lolote," alisema. "Lolote, Afande."

"Sina la kukuandikia. Nenda nyumbani."

Ajit hakuinuka. Wekoye alitoka nje peke yake. Chepkemei na Jaswant walisimama kwa pamoja, vikombe mkononi, naye hakujua aanze na nani. Akawaambia wote kwa mpigo, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata.

"Atafungwa?" aliuliza Chepkemei.

"Hapana, mama."

"Basi kitafanyika nini?"

Chepkemei aliweka kikombe chini polepole, kisha akasogea hadi mwisho wa benchi, mbali na mzee.

"Mfunge," alisema Jaswant kwa sauti ya chini. "Inspekta, tafadhali. Mfunge."

Mlango ulifunguka nyuma yao. Ajit alisimama kizingitini akimtazama babake, akingoja aambiwe waende. Jaswant alimpa mgongo, akageukia barabara.