Nati Zilizoshika Kidogo

Wajukuu zangu, mmewahi kusikia kitu kinagonga chini ya gari, mkaogopa kumwambia anayeendesha?

Binti mmoja aliyeitwa Nyuki kwa kuwa hakutulia, alikuwa akifuta vioo vya gari la baba yake kila asubuhi, kisha anapanda mbele. Baba alipeleka watoto shuleni. Nyuma walibanana wadogo, na mdogo wake Nyuki miongoni mwao.

Jumapili moja baba alirudi na spesa za bei ya kutupa, visahani vinene vya chuma vinavyopachikwa nyuma ya ringi ili tairi litokeze nje. Nyuki akamsaidia kufunga. Siku zote nati iliingia mpaka mkono ukachoka; sasa ilizunguka kidogo tu, ikabana, maana unene wa spesa ulikuwa umeimeza bolti. Alipouliza, baba alicheka, akamkumbusha kwamba sikio halipiti kichwa. Nyuki akamalizia kufunga, lakini usingizi wake usiku ule haukuwa mzuri.

Kesho yake, walipoanza kushuka mteremko, akasikia: kok, kok, kok. Usukani ukatetemeka. Baba akaongeza sauti ya redio.

Mtoto mmoja wa nyuma akasema gari linakohoa, lipelekwe likachomwe sindano. Wenzake wakaangua kicheko. Nyuki hakucheka. Alitaka kusema, akaogopa kuchekwa tena. Chini kabisa aliona daraja jembamba, na lori likija. Nyuma, mdogo wake alikuwa akiimba.

"Baba, simama. Nati zimelegea."

"Tunachelewa, mwanangu."

"Baba, tutakufa."

Alilisema polepole, na kicheko kule nyuma kikakatika. Baba akamtazama uso, akakanyaga breki taratibu, akaegesha pembeni. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limelala upande. Nati moja haikuwepo. Zilizobaki zilifunguka kwa vidole. Baba akajikalia kwenye changarawe.

Fundi akaitwa. Akapiga jeki, akazitoa spesa zote, akakaza magurudumu upya, kisha akamwonyesha baba bolti zilivyolika kwenye ncha.

"Bwana, nati ikishika ncha tu, haijashika kitu," alisema. "Na mtu akiona hatari, usimwulize umri." Akamgeukia Nyuki. "Nawe binti, ukiona jambo, sema. Wakikudharau, sema tena. Aibu haijamuua mtu. Gurudumu likichomoka linaua."

Watoto wakapanda tena, safari hii bila utani. Nyuki alibaki amesimama kando ya baba yake.

"Baba, hizi spesa ulizitakia nini?"

Baba aliziangalia pale chini, zimejaa vumbi.

"Madereva wenzangu huliita gari letu kiberiti kwa wembamba wake," alisema. "Nilitaka siku moja nipite mbele yao wasinicheke."