Oili ya Lori kwenye Pikipiki ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamizi alichota maji kisimani, kisha akaifuta vumbi pikipiki ya mama yake. Mama yake, Lukresia, alikuwa muuguzi wa zahanati mjini Bariadi, na kwa pikipiki hiyo nyekundu alipeleka chanjo vijijini. Watoto wadogo waliiita "Mama Sindano", wakakimbilia nyuma ya nyumba kila walipoisikia ikinguruma. Nyamizi aliwacheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliipenda pikipiki ile kama wenzake walivyopenda ndama wao.

Siku hizo uani palilala pia lori. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, kampuni zilikuwa zimeongezeka, na mjomba Maduhu, mdogo wake Lukresia, alipata kazi ya udereva katika mojawapo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, naye alikuwa akisambaza mbegu kwa wakulima.

Balaa lilianzia kwenye ngoma. Shule ilikaribia kufungwa, na kundi la Nyamizi lingecheza bugobogobo, ngoma ya majembe, mbele ya wazazi. Nyamizi ndiye aliyeongoza, na alitaka majembe yameremete hata aliyekaa nyuma kabisa ayaone. Kabatini kulikuwa na chupa ya oili ya pikipiki ambayo mama aliiagiza kutoka Mwanza. Akaichukua, akajiambia atatumia tone moja tu. Tone likazaa tone. Majembe yalipokwisha kung'aa, chupa ilikuwa imebaki nusu!

Nyamizi aliitikisa chupa, akatazama huku na huku. Ndipo macho yake yakatua kwenye galoni la oili ya dizeli ndani ya lori. Mjomba alikuwa akijisifu kila mara kwamba ameichanganya na dawa ya kulainisha injini, "mpaka vyuma vinateleza kama kambale." Nyamizi akawaza: oili inayobeba lori zima la mbegu itashindwaje na pikipiki? Akaijaza chupa, akaifunga, akairudisha kabatini.

Jumatatu mama alimwaga oili ya zamani, akatia ile ya kwenye chupa. "Mbona nyeusi hivi?" aliuliza. Nyamizi akajifanya anafagia, akafagia mpaka mahali palipokwisha kufagiwa.

Mwanzoni pikipiki ilikwenda vizuri, naye akaanza kupumua. Kisha ugonjwa ukajitokeza. Mama akivuta mafuta, injini ilipiga kelele, lakini gurudumu halikupata nguvu. Kwenye kilima kelele ziliongezeka na mwendo ukapungua. Mama alikaza waya wa klachi, akaulegeza, lakini hali ikawa ileile. Kila Nyamizi aliposikia kelele ile, alichukua ndoo, akakimbilia kisimani. Alitamani kusema, lakini aliogopa. Mama yake hakuwa mtu wa viboko, ila alijua kufoka mpaka majirani wakasikia.

Jumamosi mama alimwita. "Njoo unishikie kasha la chanjo. Akina mama wa ng'ambo ya mto wananisubiri."

"Na pikipiki je, mama?"

"Itajikongoja. Jumatatu nitaipeleka kwa fundi."

Walipofika mtoni, maji yalikuwa machache, yakipita juu ya mchanga. Lakini kule vilimani mbingu ilikuwa nyeusi, na Nyamizi aliona wachungaji wa ng'ambo wakiwaswaga ng'ombe mbio kupanda ukingo.

"Shika sana," mama alisema. "Kwenye mchanga hatusimami. Nitavuta mafuta mpaka tupande ukingo wa pili."

Nyamizi alimshika mama yake kiunoni. Alijua kabisa kwamba wakifika katikati, injini itapiga kelele na gurudumu litakataa. Mchungaji mmoja akawapungia fimbo, akipaza sauti, "Mayu! Minzi! Minzi!" Yaani, kwa Kisukuma, Mama! Maji! Mama hakumsikia kwa ngurumo ya injini. Gurudumu la mbele likaingia majini.

"Mama, simama! Usivuke! Nimeiharibu mimi!"

Mama akafunga breki. "Umesemaje?"

"Oili yako nilipaka majembe ya ngoma. Nikajazia ya lori la mjomba, ile yenye dawa!"

Mama akazima injini ili amsikie vizuri. Ndipo wote wawili waliposikia mvumo mzito ukitoka juu ya mto, na ardhi ikitikisika chini ya miguu yao.

"Sukuma!" mama alipiga kelele. Walisukuma pikipiki kurudi nyuma, wakiteleza na kuanguka, mpaka juu ya ukingo. Walipogeuka, maji mekundu yalikuwa yanashuka na mgunga mzima, mizizi juu, yakafunika pale walipokuwa wamesimama. Mama alikaa chini, kasha la chanjo mapajani. Nyamizi alilia kwa sauti.

Jioni fundi Bundala alifungua injini, mjomba Maduhu akitazama kwa aibu.

"Mayu," fundi alisema, "klachi ya pikipiki hii si kavu kama ya lori. Inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na pleti zake, vile visahani vinavyopeleka nguvu kwenye gurudumu, lazima zishikane. Ukitia kitu cha kuteleza, nazo zinateleza."

"Kwa hiyo oili ya lori ni sumu?" mjomba aliuliza.

"Si zote. Zipo zilizoandikwa koponi kwamba zinafaa klachi ya namna hii. Lakini hii yako, na madawa yako, hapana."

Kesho yake, mto ulipopungua, chanjo zilivushwa. Jioni hiyo Nyamizi alimfuata mama yake jikoni. "Mama, bado umenikasirikia?"

"Nimekasirika," mama alijibu. "Oili ningenunua nyingine. Lakini ulijua pikipiki ni mgonjwa, mwanangu, na bado ukapanda nyuma yangu, ukaniacha nikupeleke mtoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jana nusura kituumbue wawili." Akamvuta karibu. "Ukiharibu kitu, niambie siku hiyohiyo. Nitafoka, ndiyo. Lakini kufoka kwangu hakujamzamisha mtu."