Dawa Katika Chupa ya Firmin

Kagendo alikuwa amekwisha kufungua pochi katika duka moja la vitambaa Fordsburg, Johannesburg, watu wamejaa hadi mlangoni, alipoinamiwa na mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, futi ya fundi ikining'inia shingoni.

"Dada, hii rangi itatoka kwa maji ya kwanza. Usiinunue."

Mwenye duka alinuna. Kagendo alicheka, na huo ukawa mwanzo. Firmin alikuwa fundi cherehani wa Jeppestown, Mkongo wa Bukavu. Kagendo alikuwa Mkenya wa Meru, mwanakemia wa chuo kikuu. Simu zikawa haziishi, huyu akiitwa "chérie", mpenzi kwa Kifaransa, yule akiitwa "fundi wangu", na kabla ya mwaka kwisha walikwisha kupanga harusi ya Desemba.

Kazi ya Kagendo ilikuwa kunasa dawa zilizomo mwilini. Alitumia waya mwembamba kama unywele, uliopakwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ukiuchovya katika mkojo au mate, hata dawa kidogo, tone katika pipa, hunata pale. Ili aujaribu waya mpya alihitaji mkojo wa mtu asiyetumia dawa yoyote. Akamwomba mchumba wake. Firmin alisitasita, akaapa kwamba hamezi kitu, akampa mkojo katika chupa.

Waya ukanasa dawa ya kifafa.

Mwingine angeuliza siku hiyohiyo. Lakini Kagendo alifunzwa kwamba kipimo kimoja si ushahidi, lazima kirudiwe, na woga wake ukapata pa kujificha. Jumapili walikunywa chai nyumbani kwa Kagendo. Firmin alipoaga, Kagendo akakitia kijiko alichotumia mchumba wake, chenye mate yake, katika mfuko wa plastiki. Firmin akarudi kuchukua kofia, akamkuta anaandika tarehe juu ya mfuko.

"Unafanya nini na kijiko yangu?"

Kagendo hakuweza kudanganya. Alimweleza yote, habari ya chupa na habari ya kijiko.

"Mi nilidanganya, ni kweli," Firmin akasema polepole. "Mchumba wa kwanza alinikimbia juu ya ile ugonjwa. Ndugu zake walivunja hata sahani niliyokulia. Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia. Lakini weye ulikuwa na mdomo, Kagendo. Ukaona heri uulize mate yangu."

"Nilitaka kuwa na uhakika."

"Eish. Mi si panya wa maabara."

Akaondoka bila kofia. Wiki tatu hakupokea simu. Kagendo alijuta hadi chakula kikamshinda, maana kifafa hakikumtisha hata kidogo, angemtaka nacho. Siku Firmin alipopokea hatimaye, Kagendo akauliza.

"Kinakushika mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka. Nikimeza dawa vizuri, hata hiyo moja haiji."

"Na kikikushika nikiwepo, nifanye nini?"

"Unilaze kwa ubavu. Uondoe viti. Usinitie kitu mdomoni. Ungoje tu."

Kagendo akamwomba msamaha, akamwomba arudi.

"Ona, ni maswali mawili," Firmin akasema. "Yamekula dakika moja. Nakupenda, chérie, lakini siwezi kukaa kwa nyumba nikihesabu vijiko."

Akakata simu. Kagendo akabaki ameishika, sasa akijua vizuri namna ya kumlaza Firmin, na Firmin hayupo.