Figa la Cucu Igoki

Nakiri kosa langu mbele za Mungu. Niliiba figa moja jikoni kwa Cucu Igoki, bibi kizee mjane wa kule Ishiara, nikamdanganya rafiki yangu Njiru kwamba nimeliokota kule nyikani. Nilitaka sifa ya kuokota kimondo.

Njiru hupasua vimondo kwenye maabara kule Nchiru ili ajue ni vya aina gani. "Hiki ni cha mbinguni kweli, lakini mbona kinanuka githeri kama chungu cha jikoni?" alinitania kwa simu, akawasha msumeno.

Stima ikapotea. Gizani, msumeno ukiwa kimya, akasikia mtu akipuliza moto ndani ya jiwe. Likapasuka lenyewe, likamchoma viganja. Alinitumia vipande, na sasa hataki kuniona.

Wewe, ndugu yangu, unashuka Ishiara kesho. Tafadhali mrudishie Cucu vipande hivi. Vishike kwa gunia. Wiki ya tatu hii, bado vina moto.