Dawa Moja, Majina Mawili

Msimu wa karafuu hauna mapumziko. Bi Zulekha wa Mtambile alichuma mchana, jioni akachambua. Siku ya tano homa ikamlaza na viungo vyote vikamuuma.

Mumewe, Nassor, aliacha mikarafuu yake akakaa nyumbani kumuuguza. Si wanaume wote wafanyao hivyo. Alinunua vidonge vya parasetamoli dukani. Tena binti yao Khairat, anayeishi Kanada, aliwahi kuwaletea kichupa cha vidonge vya maumivu. Kiliandikwa asetaminofeni.

"Tutumie zote mbili," Nassor alimwambia mkewe. "Mkono mmoja haulei mwana."

Saa ya Nassor ni adhana. Vya dukani alimpa viwili baada ya alfajiri, adhuhuri na magharibi. Vya Kanada alimpa viwili baada ya alfajiri, alasiri na isha. Maskini, hakusahau hata mara moja.

Siku ya tatu ya dawa Bi Zulekha alitapika. Chakula kilimshinda. Ubavu wa kulia ulimuuma.

"Mume wangu, mie sipati nafuu," alisema. "Nazidi."

Nassor alikuwa tayari kumwongezea vidonge. Mara akaingia jirani yao, Bi Ghania, kumkagua mgonjwa. Bi Ghania ni mfamasia.

"Anakunywa dawa gani?" aliuliza.

Nassor akazileta zote mbili kwa fahari, akamtajia na nyakati alizompa. Bi Ghania akasoma, uso ukambadilika.

"Bwana Nassor, usimpe tena hata kimoja! Hii ni dawa moja."

"Moja vipi, Bi Ghania? Majina si mbali mbali?"

"Jina lako kamili nani?"

"Nassor Bakar Suhail."

"Hapa twakwita Nassor. Mwengine akikwita Suhail, utakuwa mtu mwengine?"

"Hasha."

"Basi na dawa hii ina jina refu la kikemia. Watu wa huku walikata vipande vyake wakaviunga, wakapata parasetamoli. Wa kule walikata vipande vyengine, wakapata asetaminofeni. Kilichomo ndani ni kile kile."

Nassor akazitazama tena dawa zile.

"Vidonge hivi ni vya miligramu mia tano," Bi Ghania aliendelea. "Mtu mzima asizidishe vinane kwa siku, na kila dozi ikae mbali na mwenzake, angalau saa nne. Mkeo kanywa kumi na viwili kila siku. Vikizidi, vinaharibu ini. Inuka, twende hospitali sasa hivi."

Hospitali walimpima damu. Ini lilikuwa limeanza kuumia. Wakamtundikia dripu yenye dawa ya kulikinga. Nassor alikaa kwenye benchi akalia mbele za watu. Mimi simcheki. Alifanya yote kwa mapenzi, na mapenzi peke yake hayatoshi.

Alhamdulillahi, waliwahi. Baada ya siku tisa Bi Zulekha alirudi nyumbani, akala wali wake akamaliza.

Siku hizi Nassor haangalii tu jina kubwa la kwenye boksi. Anatafuta yale maandishi madogo yanayotaja dawa yenyewe. Asipoelewa, anamuuliza Bi Ghania. Wiki iliyopita alimkuta Mzee Hafiz na boksi tatu za dawa ya mgongo. Akazisoma moja moja. Zote zilikuwa parasetamoli.

"Mbona unanihangaikia hivi, yakhe?" Mzee Hafiz aliuliza.

"Mie n'litaka kumponya mke wangu," Nassor alimjibu, "nikakaribia kumzika."