Ufito wa Bi Mejumaa

Siku redio ilipotangaza kwamba Waingereza wameendesha gari kwenye jangwa la Marekani mpaka likaishinda kasi ya sauti, sisi tulikuwa uani kwetu Bongwe tunapukuchua mahindi. Nilikuwa mimi, mdogo wangu Kahaso, na mumewe Nahashon. Kwa kawaida Nahashon hapukuchui, lakini hakuwa na pa kwenda. Hoteli ya Diani alikokuwa fundi wa magari ilifungwa baada ya ghasia za Agosti, watalii wakapotea, na Kahaso aliyekuwa dobi wa hoteli hiyo hiyo akarudishwa nyumbani pamoja naye.

“Yaani likupite kabla hujalisikia?” Kahaso akauliza.

“Eeh. Unaliona, limeenda, halafu ndio sauti inakuja,” Nahashon akasema.

“Basi hilo ni jini, si gari.”

Tulicheka sisi wawili. Nahashon hakucheka. Alikaa na gunzi mkononi akilizungusha, nami nikajua tumekwisha. Shemeji yangu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, asiye na makuu, lakini akishapenda jambo hata umwagie maji ya moto haliachi. Mahindi yale hayajafika kinuni, yeye alikuwa ameshaanza kuunda gari lake.

Aliliundia bandani nyuma ya nyumba, chini ya makuti. Injini aliitoa kwenye Datsun ya mashindano iliyokuwa inaozea nyuma ya gereji moja Ukunda. Mabomba ya fremu na mabati ya alumini aliyafuata kwenye shamba la miwa lililokufa, upande wa Msambweni. Mimi ni fundi cherahani, kwa hiyo nikapewa kazi ya parashuti la kulisimamisha. Tulilikata kutoka lile la kuwarushia watalii baharini. Na msidhani lilikuwa gari la kupakia watu. Lilikuwa bomba refu jembamba lenye magurudumu manne, injini nyuma, dereva mbele amelala chali, miguu ikitangulia. Kifuniko kilifungwa juu yake kwa skrubu, kutoka nje.

Bi Mejumaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja siku moja kuchungulia. Alikuwa bibi mfupi mwenye ulimi mkali, na kwa kuwa kimo chake na cha Kahaso kilikuwa kimoja, walizoea kuazimana madera, hata watu wakamwita mdogo wangu Mejumaa Mdogo. Gari lilikuwa bado mchoro wa chaki sakafuni, dereva amelala chali; aliuzunguka, akatikisa kichwa.

“Mbona mwamlaza mtu na pumzi zake?” akauliza.

Kahaso alicheka mpaka akakaa chini.

Bi Mejumaa alikufa mvua za Elinino zilipokuwa zimeshika. Maji yalijaa kaburini kabla wachimbaji hawajamaliza. Nahashon ni Mkristo, lakini alikwenda kama jirani, akashinda na wanaume wenzake wakiyateka kwa ndoo. Jioni alirudi na sepetu za watu kwenye mkokoteni wetu, akasema wenyewe watazifuata mvua ikikatika. Katikati ya sepetu zile kulikuwa na ufito. Umemenywa maganda, umenyooka, hauna fundo hata moja. Nahashon aliupenda, akaufanya kipimo chake bandani. Kwao bara wanazika kwa sanduku. Sisi nasi ni Waduruma wa Kinango, watu wa kanisa, na hapa Bongwe wanawake hawaendi makaburini. Nani angemwambia?

Siku ya kupima alilala chini, Kahaso akamwekea ufito ubavuni. Urefu wa Nahashon ulikuwa ufito mmoja na shubiri. Akakata mabomba kwa kipimo hicho, akachomelea, na fremu ilipopoa akaingia. Magoti yakagonga chuma.

“Umenenepa kwa uvivu,” Kahaso akamtania.

Nikaleta tepu yangu ya kushonea. Chumba cha dereva kilikuwa na urefu wa ufito mmoja. Ile shubiri haikuwepo.

Akakata tena, akaongeza kipande, akachomelea. Jioni alijilaza humo akapiga mluzi, miguu imenyooka vizuri. Asubuhi magoti yakagonga. Kipande alichoongeza kilikuwepo, kovu la kuchomelea unaligusa kwa kidole, lakini kila nikipima napata ufito mmoja, mwanzo hadi mwisho. “Chuma hujivuta kikipoa,” Nahashon akasema. Aliporudia tena, alipima peke yake, akaja jikoni akaomba maji.

Akaiacha fremu, akageukia kiti. Kiti cha gari kama hilo hufinyangwa kwa mwili wa dereva. Alijaza mchanga mbichi kwenye sanduku la mbao, akatandika nailoni, akalala chali juu yake ili mwili ujichore. Ulijichora vizuri, mabega mapana na yote. Akaliacha sanduku chini ya makuti mpaka kesho yake.

Asubuhi Kahaso aliniita kwa sauti ya chini. Nailoni ilikuwa imetanda, haina hata mkunjo. Chini yake mchanga ulikuwa na umbo. Si la Nahashon. Lilikuwa fupi. Lilikuwa limelalia ubavu wa kulia. Shavu lilionekana. Sikio lilionekana. Uso ulielekea kaskazini.

Tukiwa bado tumesimama pale, tukasikia hodi. Alikuwa Fundi Tembo, mwashi wa mtaa ambaye ndiye pia huchimba makaburi, amefuata sepetu zake. Aliutazama mchanga. Akautazama ufito uliosimamishwa kando. Kisha akashusha sauti.

“Huu umefikaje hapa?”

“Ulikuja na sepetu,” Nahashon akasema.

“Ndugu yangu, huu ndio tuliompimia Bi Mejumaa. Maiti hupimwa, na mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi anapolazwa, kikachimbwa kwa kipimo hicho. Kisha ufito huvunjwa ukafukiwa papo hapo. Haurudi kwa watu. Siku ile maji yalitushughulisha, nikausahau. Kosa ni langu.”

“Na huu mchanga?”

Tembo alinyoosha mkono upande ule umbo lilikoelekeza uso.

“Kibla,” akanong’ona.

Aliuchukua ufito, na Nahashon hakumzuia. Ijumaa, baada ya swala, Tembo alirudi. Hakutaka kuketi wala kunywa kahawa. “Nimeuvunja, nimeufukia kichwani pake, na dua nimesoma,” alisema. “Lakini kilichorudi ni ufito. Kipimo kimebaki kwenu. Vunjeni hilo gari, tafadhalini.”

Nahashon hakubishana. Aliwasha msumeno wa umeme palepale, naapa, na mimi nikashusha pumzi. Aliyemzuia ni mkewe.

“Ngoja,” Kahaso akasema. Akavua ndara, akajilaza ndani ya gari. Visigino vikagusa chuma cha mbele. Utosi ukagusa cha nyuma. Haikubaki nafasi ya kupitisha kidole.

“Kahaso, toka humo,” nikamwambia.

“Dada, nisikilize. Miaka yote nimefua mashuka wanayolalia wengine. Niliomba kazi ya kupokea wageni, wakaniambia kaunta inanizidi kimo. Leo kitu kimoja duniani kimenitosha, nanyi mwataka kukikata.”

“Hakikutengenezewa wewe.”

“Basi kilitengenezewa nani?”

Na hapo ndipo nilipoanza kumpoteza mdogo wangu. Kuendesha alijua, mumewe alimfundisha kwa magari ya hoteli, uani, wazungu wakiwa ufukweni, na aliwashinda wanaume wengi. Nahashon alimpenda mkewe na alilipenda gari, na sasa vyote viwili vilikuwa upande mmoja. Mimi nilikuwa upande wa pili, peke yangu. Nililia, nikagomba, nikatishia kurudi Kinango. Mwisho wake nikamshonea ovaroli. Nilimpima akiwa amelala mle mle ndani, nikitumaini tepu itaniambia jambo jingine. Ikaniambia lile lile.

Januari ya tisini na tisa, nchi ilipokuwa imekauka, tulilipakia gari kwenye lori la Gedion, dereva aliyekuwa akipeleka mizigo Lunga Lunga, tukaenda kwenye lile shamba la miwa lililokufa. Barabara ya matrekta ilikuwa imenyooka, inatoka upande wa bara inaelekea baharini, ngumu, vumbi tupu. Ilikuwa asubuhi kweupe. Mbio za namna hii ni kwenda na kurudi. Gedion alitangulia akangoje mwisho wa barabara amgeuzie gari. Mimi na Nahashon tukabaki huku.

Kahaso alikuwa anacheka tulipomkaza mikanda. Kisha akanishika mkono, akanivuta karibu ili mumewe asisikie.

“Dada, mbona humu mna baridi?”

Jua lilikuwa linatuchoma visogo. “Toka basi, mdogo wangu,” nikanong’ona.

Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha mkanda. Nilidhani atatoka.

“Fungeni,” akasema.

Kwenda, alikwenda. Injini ilinguruma mpaka ndege wakatimka vichakani, vumbi likapanda, na Nahashon akawa anarukaruka huku analia. Nami, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele.

Kule mwisho Gedion aligeuza gari, akainamia tundu la hewa akamwuliza kama yu salama. Haya alituambia baadaye. Jibu lilikuja kwa sauti ya bibi kizee: “Mbona mwamlaza mtu na pumzi zake?” Gedion alidhani ni utani wa Kahaso. Akacheka. Akapunga bendera. Gedion hakuwahi kumjua Bi Mejumaa.

Tuliliona vumbi. Likaja. Likakua. Nikangoja ngurumo. Hakukuwa na ngurumo. Gari likapita mbele yetu kwa kasi isiyosemeka, upepo wake ukanivua leso, na hapakuwa na sauti. Hata ya magurudumu. Parashuti likafunguka. Mishono yangu ikashika. Gari likasimama.

Ndipo sauti ikaja.

Ilitoka upande wa bahari. Ikatukaribia. Ikapita mbele yetu kwenye barabara tupu. Ikaenda mpaka pale gari lilipo. Ikazimika.

Tulikimbia. Nahashon alifungua skrubu, bisibisi inamponyoka, anaiokota, inamponyoka. Kifuniko kikatoka.

Kahaso alikuwa amelalia ubavu wa kulia. Mikanda ilikuwa imefungwa, imekazwa kama tulivyoikaza juu ya mtu aliyelala chali. Mle ndani hata bega halina nafasi ya kugeuka. Uso ulielekea kaskazini. Macho yamefumbwa. Shavu la chini lilikuwa na udongo mbichi, mweusi, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uliopita. Nilimwita kwa jina. Nikamwita tena. Hakuwa na pumzi.

Daktari alisema moyo ulisimama. Sikubishana naye, maana ulisimama kweli.

Tulimzika kwetu Kinango, kwa sanduku. Nahashon alimwagiza seremala atengeneze refu, refu kupita kiasi, lenye nafasi juu na chini. Seremala alishangaa. Mimi sikushangaa. Gari lenyewe alilikatakata kwa mikono yake, kipande kwa kipande, wala hakuuza hata bati moja. Yote aliyatupa kwenye kisima kilichokauka.

Baada ya matanga tulirudi Bongwe kufungua nyumba. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso yangu tangu tulipoondoka. Nikasukuma mlango, ukagonga kitu. Nyuma yake, umesimama ukutani, kulikuwa na ufito. Umemenywa maganda. Umenyooka. Hauna fundo hata moja. Ulikuwa umekatwa siku ile ile, utomvu bado unachuruzika nchani.

Na ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza.

Nilikimbia kumwita Fundi Tembo. Alikwenda kwanza makaburini, akafukua kidogo kichwani pa Bi Mejumaa, akafukia. Alipokuja kwetu hakuvuka kizingiti.

“Ule upo,” akasema kwa sauti ya chini. “Vipande viwili, kama nilivyouacha. Huo wenu siujui.”

Akaenda zake. Alisahau hata kuaga, yeye mtu wa adabu zake.

Nilipogeuka, Nahashon alikuwa ameshasimama nyuma ya mlango. Ameupa ufito mgongo, umebanwa kati yake na ukuta. Visigino vimeungana. Macho ameyafumba.

“Shemeji,” akanong’ona. “Wewe ni mtu wa vipimo. Hebu niangalie. Inafika?”

Miaka yangu yote kwenye cherahani, jicho langu halijawahi kukosea upana wa uzi. Ncha ya ufito ilikuwa sawa na utosi wake. Haikuzidi. Haikupungua. Nilimtazama yule mtu aliyebaki, mjane wa mdogo wangu, amesimama wima kama mtoto anayepimiwa sare ya shule, na nikahisi uchungu kuliko hofu.

“Haufiki, shemeji,” nikamwambia. “Ni mfupi huo. Umeishia begani.”

Akafumbua macho. Akatoka ukutani, akaniambia asante, kwa upole wake ule ule. Kisha akapitisha mkono utosini, kama mtu anayehisi tone la mvua, akakileta kiganja mbele ya macho yake.

Kilikuwa kimelowa utomvu.