Kisiki cha Mholi

Asubuhi ya tatu tangu Denzil auangushe mholi wa marehemu mama yake, mti wa majani ya miiba na matunda mekundu, chai ilinuka mti mbichi. Tamsin, mkewe, akaimwaga, akachemsha nyingine. Ikanuka vilevile.

"Birika limechafuka tu," Denzil alisema. Alipopiga funda la pili alipaliwa, akatema jani bichi lenye miiba pembeni.

Kule Cornwall, Uingereza, mholi hauguswi hovyo. Watu hufyeka ua mzima wa shamba, mholi wakauacha umesimama, na hata tawi la Krismasi hawalikati kabla ya kuuomba mti wenyewe ruhusa. Mama yake aliuomba mti huo kwa miaka hamsini. Denzil aliukata siku moja baada ya mazishi, kwa sababu dada yake Loveday, ambaye Denzil alimnyima nyumba ya urithi, alimwomba walau awe anakuja kuketi chini ya mti huo.

"Aje akalie kisiki," alisema akicheka.

Siku ya nne kuta zikaanza kukwaruzwa, mchana kweupe. Siku ya sita miiba ikamchomoza Denzil chini ya kucha, na Tamsin alipomvua shati akaona ngozi ya mgongo imegeuka kijivu, laini, baridi kama gome la mti ule, na kila mumewe alipovuta pumzi ikasikika ndani ya kifua sauti ya majani makavu yakiburutwa, polepole, yakipanda kooni.

Akamkimbilia Loveday. "Wifi, nakusihi! Wewe mti utakusikiliza."

Loveday alikuja amevaa koti la kanisani. Akapiga magoti kwenye kisiki, akanong'ona, kisha akatulia kama mtu anayesikiliza. Aliporudi ndani, Denzil alikuwa ameng'ang'ania meza.

"Umesemaje, dada? Huo mti umesemaje?"

"Uko tayari kukuacha. Ila umeniuliza swali moja: kama mimi nimekusamehe."

"Ukaujibu nini?"

Loveday alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Mama alitukataza kuudanganya, Denzil."

Akatoka. Nyuma yake kikohozi kikaanza, kisha kitu kidogo kikadondoka sakafuni, kikabiringika, na kingine, na kingine, tunda jekundu baada ya tunda jekundu, mpaka Tamsin akapiga mayowe.

Loveday hakugeuka.